Nani Kawaambia Uswidi Inaendwa Desemba?

Najua wengi mmekuja mkitarajia ubuyu wa mastaa, na ubuyu upo, ila leo unaanzia mjini unaishia Karagwe na Kyerwa. Vumilieni kidogo.

Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, kila mwisho wa mwaka lazima atutupie picha akiwa kwenye theluji. Koti la manyoya, miwani myeusi, midomo imebinuliwa, na chini ya picha maneno mawili matatu ya kuvimba. Yeye simlaumu hata kidogo. Ile ni kazi yake, picha ndiyo mtaji. Kasheshe ni sisi tunaotazama. Picha zile zimetukaa kichwani mpaka tumeamini kwamba nchi ya baridi inatembelewa wakati wa baridi, la sivyo hujafika. Ukirudi bila picha ya theluji, watu wanakuuliza kama kweli ulipanda ndege au ulijificha Mwanza kwa shangazi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili tusizungushane. Kama unatoka Karagwe au Kyerwa kwenda kusalimia ndugu Uswidi, na tarehe mnachagua wenyewe, nenda mwishoni mwa Mei urudi mwanzoni mwa Julai. Ikishindikana, nenda mwishoni mwa Agosti na Septemba. Desemba na Januari waachieni wenye kazi ya picha. Na kama anayesafiri ni mama au baba yako mzee, basi kumchagulia msimu mzuri ni wajibu wako, siyo hisani.

Kwa nini nimeitaja Uswidi

Kwa sababu kwetu Kagera siyo nchi ya kusimuliwa. Askofu Bengt Sundkler, Mswidi, aliongoza kanisa la Kilutheri Bukoba kuanzia 1961 mpaka 1964 alipompisha Askofu Josiah Kibira. Shirika la Vi Agroforestry, nalo la Uswidi, limepanda miti na wakulima wa Karagwe na Kyerwa kwa miaka mingi, na mradi wao wa Emiti Nibwo Bulora unajulikana hata na watoto wa shule. Kwa njia hizo za kanisa, miti, masomo na ndoa, kuna familia kuanzia Kayanga hadi Kaisho ambazo zina mtoto, shangazi au shemeji kule. Kwa hiyo barua ya mwaliko ikifika, swali la kwanza huwa "lini?" Na hapo ndipo tunapoharibu.

Angalieni Mswidi anavyokuja kwetu. Kabla hajakata tiketi anauliza mvua zinanyesha lini, barabara ya Murongo inapitika mwezi gani, mbu wanazidi wakati gani. Anakuja kiangazi, anaona vilima, anakula ndizi, anatafuna kahawa aliyopewa kama mgeni, anaondoka anacheka. Sisi tukienda kwake hatuulizi kitu. Tunauliza tu kama theluji itakuwepo.

"Sisi baridi tunaijua"

Hii kauli naisikia sana. Mtu wa Bugene anakwambia, "We mtu wa Dar ndiyo utakufa, sisi wa huku tumezaliwa kwenye baridi." Ni kweli, alfajiri ya Julai pale Kayanga unavuta blanketi la pili na chai unaishika kwa mikono miwili. Lakini bwana, saa 4 asubuhi jua linatoka unavua sweta. Baridi yetu ina saa ya kuondoka.

Sasa chukua friji la soda dukani Omurushaka. Mle ndani kuna nyuzi 4 au 5 hivi. Wastani wa Januari mjini Stockholm uko chini kidogo ya sifuri, mchana na usiku pamoja. Yaani mtu akiwa amesimama kituo cha basi kule, akaingia kwenye lile friji la Omurushaka, amekwenda kuota moto. Na Stockholm iko kusini. Kiruna, kule juu kaskazini, nyuzi 20 chini ya sifuri ni siku ya kawaida ya Januari.

Niwe mkweli pia upande wa pili: ndani ya nyumba zao hakuna baridi. Nyumba zina joto la nyuzi 20 au 21, unakaa na fulana. Hivyo baridi yenyewe siyo adui mkubwa. Adui mkubwa ni giza, na hili ndilo watu wetu hawaambiwi.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua letu linatoka kwenye saa 1 asubuhi na kuzama kwenye saa 1 jioni, mchana saa 12, usiku saa 12, hatujawahi kulifikiria. Stockholm, tarehe 21 Desemba, jua linachomoza saa 2 na dakika 44 asubuhi na kuzama saa 8 na dakika 48 mchana. Umekula chakula cha mchana, unaosha sahani, nje usiku umeingia. Kiruna ndiyo kabisa, mwezi huo wa Desemba jua halichomozi kwa karibu wiki tatu.

Ukiwa kijana una marafiki, unafanya kazi, unazoea. Ukiwa mgeni wa miaka 65 ambaye kila asubuhi ya maisha yake ametoka nje kuangalia migomba na kusalimiana na jirani, lile giza linakukalia kifuani.

Mama wa Kyerwa na sebule nzuri

Kuna mama mmoja wa Kyerwa, naye jina kapuni kwa heshima yake. Binti yake alimwita Januari, akae miezi mitatu. Binti ana upendo wote duniani, nauli kalipa yeye, koti kanunua yeye. Ila asubuhi binti na mumewe wanakwenda kazini, watoto wanapelekwa kulelewa, mama anabaki ghorofani peke yake na televisheni ya lugha asiyoijua. Kutoka nje anaogopa, maana barafu ya njiani inateleza kama tope la masika lililopakwa mafuta. Waswidi wenyewe, hasa wazee, wanafunga vyuma vidogo vyenye meno chini ya viatu ili wasianguke. Mzee akivunjika nyonga ugenini, hiyo siyo ziara tena.

Aliporudi, majirani walijaa nyumbani kumuuliza Uswidi ikoje. Akawajibu, "Ni sebule nzuri."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nauli ya kwenda Ulaya na kurudi, viza, bima, safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,300 kushuka Dar kwa ajili ya makaratasi, halafu mtu anarudi na sebule. Na kwa umri wake hakuna mwenye uhakika kwamba atakwenda tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kuna kitu kule ambacho yule mama, mtu wa ng'ombe, angekisimulia mpaka leo. Ng'ombe wa Uswidi majira ya baridi wanakaa bandani. Ikifika Aprili na Mei, wafugaji wanawafungulia, na watu wa mjini wanabeba watoto wao kwenda mashambani kutazama tu ng'ombe wakitoka. Wale wanyama wakikanyaga majani wanarukaruka na kurusha miguu kama ndama, watu wanashangilia kama mpira. Sheria yao inataka ng'ombe wa maziwa wapate malisho ya nje majira ya joto.

Tafakari hapo. Januari ng'ombe wao wenyewe wamefungiwa ndani kwa ajili ya hali ya hewa. Halafu wewe unampeleka mama.

Na hiyo theluji mnayoitafuta

Wale mnaosema "mimi nataka picha tu", nanyi nina habari yenu. Krismasi ya Stockholm mara nyingi haina theluji. Kuna mvua ya manyunyu, lami iliyolowa na giza. Miji ya kusini zaidi kama Malmö na Göteborg ndiyo usiseme. Staa wetu jina kapuni hapigi zile picha kwa bahati. Anapelekwa milimani au kaskazini na watu wenye hela.

Kama theluji ni ya lazima, basi angalau muwe na akili: nendeni mwishoni mwa Februari au Machi, tena kaskazini. Theluji bado imejaa, na mwanga umerudi. Tarehe 20 Machi hivi, mchana wa Uswidi na mchana wa Karagwe unalingana, saa 12 kwa 12. Hata zile taa za kijani za angani zinaonekana bado. Desemba unalipa hela ileile kununua giza.

Juni kuna nini?

Kuna mwanga, tena wa kupitiliza. Katikati ya Juni pale Stockholm jua linachomoza saa 9 na nusu alfajiri na kuzama saa 4 usiku na dakika zake. Kaskazini, kuanzia mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai, halizami kabisa. Mama atakwambia watu wa huku hawalali, na atakuwa hajakosea sana. Mfungie pazia zito chumbani.

Joto ni nyuzi 15 hadi 22 kwa siku nyingi, ambayo ndiyo hali ya hewa ya Karagwe yenyewe. Nguo zinazohitajika ni sweta mbili na koti la mvua. Bibi anaweza kutoka mwenyewe, akakaa kwenye benchi, akaona watu. Na watu wenyewe ni wengine! Mswidi wa Januari anapita ameinamisha kichwa, funguo mkononi. Mswidi wa Juni amelala kwenye nyasi, anakusalimia, mtoto wake anakuletea mpira. Usimhukumu mtu kwa msimu wake mbaya.

Halafu kuna sikukuu yao kubwa ya katikati ya kiangazi. Mkesha wake huwa Ijumaa, kati ya tarehe 19 na 25 Juni. Wanasimamisha mlingoti uliozungushiwa majani na maua, wakubwa kwa wadogo wanacheza kuuzunguka, wanakula viazi vipya, samaki wa siki na stroberi. Mtu wa kwetu aliyezoea ngoma ya harusi hapo haitaji mkalimani. Angalizo tu: siku hiyo maduka mengi yanafungwa, nunueni vitu mapema.

Kasoro zipo, sifichi. Mbu wapo, hasa kaskazini, ila hawana malaria. Kupe wapo pia kwenye majani marefu, na wa kwao wanaweza kumwambukiza binadamu magonjwa, kwa hiyo ukitoka porini jikague mwilini kama unavyomkagua ng'ombe. Na Julai yenyewe miji inabaki wazi, maana kila mtu yuko likizo. Ndiyo maana nasema mrudi mwanzoni mwa Julai.

Sasa hapa ndipo penye ugumu: kahawa

Kuna msomaji ananisubiri na swali lake, na ni swali la haki. Juni ni msimu wa kahawa! Kwetu kahawa inachumwa kuanzia Mei mpaka Septemba na Oktoba. Juni majamvi yako uani, maganda yanakauka, na mlinzi wa yale majamvi dhidi ya kuku, mvua ya ghafla na vijana wenye vidole virefu ni huyohuyo mama unayetaka kumpandisha ndege. Tena hela yenyewe ya kahawa inaingia baada ya mnada. Ukihesabu, hela imeshikika Septemba, makaratasi Oktoba na Novemba, ndege Desemba. Yaani siyo picha za staa peke yake zinazotupeleka kwenye giza. Kalenda ya shamba nayo inasukuma.

Nakubali. Lakini tusiishie hapo.

Kwanza, safari nyingi za wazazi hulipiwa na mtoto aliyeko kule. Mshahara wake hausubiri mnada wa kahawa. Anaweza kulipa Juni kama alivyolipa Januari.

Pili, jamvi linaweza kulindwa na mtu mwingine. Mtafute mjukuu, mpwa au kijana wa kulipwa kwa wiki tano. Ukilinganisha malipo yake na nauli ya ndege, ni kama bei ya chumvi kwenye harusi. Na ikishindikana kabisa, ndiyo maana nikaweka chaguo la pili. Mwisho wa Agosti mzigo mkubwa wa kahawa umepungua, na kule Septemba bado kuna jua, msituni kuna uyoga na matunda madogo mekundu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuchuma bila kuulizwa shamba la nani. Mama atarudi Oktoba, maharage ya vuli atayakuta.

Tatu, na hapa nasema kwa ukali: asiuze mtu butura kwa ajili ya safari. Mnajua ninachosema. Kahawa bado ni ua, mtu anakwenda kwa mwenye hela, anapewa kidogo sasa hivi, mavuno yakija yanabebwa na mwingine. Nimesikia ya mzee mmoja aliyeuza butura ili tu awahi Krismasi ya Ulaya na mwanawe. Alipiga picha nzuri. Msimu uliofuata alikuwa anachuma kahawa yake mwenyewe kama kibarua. Hela ya mavuno ya mwaka huu itunze kwa safari ya Mei ijayo. Najua haitunziki kirahisi, kuna ada za Januari, kuna michango ya harusi, kuna misiba. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wananunua ndama. Ndama hakopesheki kwa shemeji.

"Lakini mjukuu amezaliwa Novemba"

Hii ndiyo sababu namba moja ya akina mama kupelekwa kwenye theluji. Binti amejifungua, mila inataka mama yake awepo. Naiheshimu mila hiyo. Ila tuangalie mazingira ya kule: wazazi wa mtoto wanapewa siku 480 za likizo yenye malipo, wanagawana wawili. Baba yupo nyumbani, anabadilisha nepi na kupika uji. Binti hajaachwa peke yake na kuni mbichi.

Sasa mtoto wa Novemba, ikifika Juni ana miezi saba. Anakaa, anacheka, anashika pua ya bibi, anabebwa mgongoni kwenda bustanini. Januari bibi angepewa kifurushi kinacholala ndani ya chumba chenye giza. Kipi kitamu? Mtoto hakimbii. Bila shaka kukiwa na ugonjwa au msiba hatuangalii kalenda, mtu anakwenda hata kama nje kunanyesha mawe. Ninazungumzia zile safari tunazopanga wenyewe.

Hesabu ya miezi kwa wanaotaka kwenda Juni

Uswidi iko kwenye Schengen. Viza ya matembezi inaruhusu siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini linaweza kwenda mpaka siku 45, na maombi ya kiangazi ni mengi. Ada ya mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue Euro 30,000.

Kwa hiyo anayetaka kuondoka mwisho wa Mei aanze Januari na pasipoti, Februari akusanye barua ya mwaliko na bima, Machi awasilishe. Na wewe uliyeko kule, muombe bosi wako likizo mapema. Sheria ya Uswidi inampa mwajiriwa siku 25 za likizo kwa mwaka, na haki ya wiki nne mfululizo kati ya Juni na Agosti. Wiki moja au mbili za mwisho wa Juni mpe mama. Usimwite mtu aje kutazama mlango unaofungwa asubuhi na kufunguliwa jioni.

Jambo la mwisho ninalowaomba ni dogo. Kabla ya kukata tiketi, mpigie mama simu umuulize anataka kuona nini kule. Akisema theluji, mpeleke Machi. Akisema ng'ombe, watu, wajukuu wanacheza nje, unajua mwezi. Wengi wetu hatujawahi kuwauliza. Tunawatumia tarehe kama tunavyotuma mzigo wa basi.

Haya, wa Nyaishozi, Ihembe, Nkwenda, Isingiro na Murongo mliowahi kufika kule au kumpeleka mzazi, uwanja ni wenu hapo chini. Andikeni mlikwenda mwezi gani na mlirudi na nini. Mnaoitetea Desemba mnaruhusiwa pia, ila leteni na saa jua lilipozama.